P0340: wiki tatu chini ya boneti

Gari ni la petroli, silinda 4, injini ya cc 1,500, kamshafti mbili juu, cheni ya taimingi. Siku shajara hii inaanza limetembea kilomita 187,400. Zana: spana za kawaida, multimita, kalipa, skana ndogo ya OBD-II (mfumo wa gari wa kujipima na kuandika makosa yake) inayozungumza na simu, na draya ya nywele ambayo si yangu.

Siku ya 1

Asubuhi liliwaka kama kawaida. Mchana nililisimamisha robo saa, injini ikiwa ya moto, na niliporudi stata ilizunguka sekunde 7 au 8 ndipo ikashika. Nikasema labda ni mimi. Jioni likarudia, na safari hii taa ya injini ikabaki imewaka kwenye dashibodi.

Naandika dalili sasa hivi ili baadaye nisizipambe. Injini ikiwa baridi hakuna tatizo lolote. Ikiwa ya moto, inawaka kwa kubembelezwa. Ikishawaka inakwenda vizuri, nguvu ipo, haitetemeki. Mara moja tu, kwenye mlima, ilishtuka kama mtu aliyepatwa na kwikwi, kisha ikaendelea na safari.

Mdogo wangu alikuwa kiti cha pembeni. "Kaka, hiyo ni pampu ya mafuta." Kwake yeye kila ugonjwa wa gari ni pampu ya mafuta. Nilifungua swichi bila kupiga stata, tukasikiliza: pampu ilivuma sekunde mbili ikanyamaza, kama inavyotakiwa. Sauti haipimi presha, lakini pampu mbovu isingengoja injini ipate moto ndipo iniumbue kwenye kuwaka tu, halafu mlimani ivute vizuri.

Siku ya 2

Skana imetoa msimbo wa kosa, P0340: hitilafu kwenye sakiti ya sensa ya nafasi ya kamshafti, benki ya 1, yaani safu ya kwanza ya silinda.

Neno la kushika hapo ni "sakiti", yaani sensa pamoja na waya zake hadi kwenye kompyuta ya injini. Nililisoma, nikalielewa, kisha nikafanya kama sikulisoma. Aibu hiyo iko siku ya 4.

Kwanza, kwa nini sensa ndogo kama kidole gumba iwe na makeke hivi? Kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja. Sensa ya kranki inaijulisha kompyuta pistoni ziko wapi, ila haiwezi kuijulisha kama pistoni ya silinda ya 1 inapanda kubana mchanganyiko au inapanda kusukuma moshi nje. Kwa kranki safari hizo mbili ni sawasawa. Anayejua tofauti ni kamshafti, kwa kuwa ndiyo inayofungua valvu. Ishara yake ndiyo inayoiwezesha kompyuta kuchagua injekta ipi inyunyize na koili ipi ipige cheche kwa wakati huo.

Ishara ikikosekana wakati wa kuwasha, magari mengine hayawaki ng'o. Mengine, kama hili langu, yanabahatisha: kompyuta inajaribu mpangilio mmoja, isipoona injini imeshika inajaribu wa pili. Ndizo zile sekunde 8. Lakini ishara ikipotea wakati injini tayari inazunguka, mpangilio umeshajulikana na hesabu inaendelea kwa kranki peke yake, ndiyo maana barabarani sisikii kitu zaidi ya kwikwi.

Skana ilihifadhi pia hali ya injini wakati msimbo ulipoandikwa: joto la maji nyuzi 94, mizunguko 1,850 kwa dakika, spidi 52. Kwa hiyo kosa linatokea injini ikiwa ya moto na gari likiwa kwenye mwendo. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi: MOTO.

Siku ya 4

Nimenunua sensa mpya. Sikupima chochote. Msimbo umeitaja sensa, mimi nikaikimbilia sensa.

Kazi yenyewe dakika 20. Iko nyuma ya silinda hedi, upande wa ekzosi, boliti moja ya spana 10. Soketi ina ulimi ambao joto limeufanya mkavu kama ganda la yai, kwa hiyo unausukuma taratibu huku unazungumza nao. Sensa ilitoka na mafuta kidogo kwenye oringi, ndani ya soketi kukavu. Niliipaka oringi mpya mafuta ya injini, nikaisukuma ndani kwa kuizungusha, nikabana boliti kwa mkono mwepesi. Uzi wake umo ndani ya alumini, na ukiung'oa huo una mradi mwingine kabisa wa kuandikia shajara.

Nikafuta msimbo. Gari likawaka baridi, likawaka la moto, likawaka tena la moto. Sensa ya zamani nikaitia kwenye boksi la mpya, boksi likaenda kwenye droo. Nilikaribia kuitupa.

Siku ya 6

Taa imerudi, baada ya kilomita 61. Sekunde 8 za stata nazo zimerudi. Skana: P0340. Nimepiga picha ya skrini, nimezima simu, nimeingia ndani bila kusema na mtu.

Siku ya 7

Leo hakuna kununua, leo ni multimita.

Sensa hii ina waya tatu, nayo ni ya aina ya Hall. Zipo zenye waya mbili, ambazo ndani ni sumaku na koili tu. Hizo unaweza kupima ohmu zake ukajua kama koili imekatika. Hii ya waya tatu ina sakiti ya elektroniki ndani, ohmu zake hazina la kukueleza. Jina ni la Edwin Hall, Mmarekani aliyeona mwaka 1879 kwamba karatasi nyembamba ya dhahabu inayopitisha umeme, ikiwekwa mbele ya sumaku, inajitokeza volti ndogo kwenye ubavu wake. Elektroni yenyewe ilikuwa bado miaka 18 igunduliwe. Mimi ninayo multimita ya kidijitali na bado nimepiga ramli.

Soketi imechomolewa, swichi imewashwa, injini imezimwa. Waya mwekundu dhidi ya mweusi: volti 5.01. Hapo umeme wa kulisha upo na hasi yake ipo. Waya wa manjano dhidi ya hasi ya betri: volti 4.93.

Hiyo 4.93 ndiyo inayowachanganya wengi, na ilinichanganya mimi pia mara ya kwanza miaka iliyopita. Kwenye soketi iliyochomolewa, waya wa ishara una volti za nini wakati sensa haipo? Zinatoka kwenye kompyuta. Kompyuta inautia waya ule karibu volti 5 kupitia rezista iliyo ndani yake, na sensa kazi yake si kutoa volti bali kuziangusha: kila jino la gurudumu la kamshafti linapopita mbele ya pua yake, inauunganisha waya huo na hasi, volti zinashuka karibu na sifuri, jino likiondoka zinapanda tena. Kompyuta inahesabu huko kupanda na kushuka.

Nikarudisha soketi, nikapenyeza pini ya kushonea kwa nyuma hadi iguse chuma cha waya wa manjano, bila kutoboa ganda la waya. Nikatoa plagi zote nne ili injini iwe nyepesi, nikaizungusha kranki kwa spana 19, polepole, kwa upande wake wa kuzungukia. Volti 4.9. Volti 0.1. Volti 4.9. Kwa mizunguko miwili ya kranki zilishuka mara tatu, na gurudumu la injini hii lina meno matatu.

Kila kitu sawasawa, hadi kwenye nukta. Ningefurahi kama gari lingekuwa zima.

(Onyo dogo: kwa waya zinazokwenda kwenye kompyuta, usitumie testa ya balbu. Balbu inavuta mkondo mkubwa kuliko waya hizo zinavyotarajiwa kubeba, na unaweza kuiharibu kompyuta wakati unatafuta ubovu wa sensa.)

Nilikuwa nimeshalala nilipokumbuka kwamba vipimo vyote nimevifanya injini ikiwa baridi. Karatasi yenye neno MOTO ilikuwa imebandikwa usoni pangu mchana kutwa.

Siku ya 8

Sensa ya zamani imetolewa kwenye droo na kupelekwa mahakamani.

Nimekata waya wa chaja ya simu iliyokufa kichwa: huo unatoa volti 5. Chanya kwenye mguu wa umeme, hasi kwenye mguu wa hasi, rezista ya kilo-ohmu 1 kati ya chanya na mguu wa ishara, multimita kwenye ishara. Miguu niliithibitisha kwanza kwa rangi za waya upande wa soketi, maana ukigeuza chanya na hasi umeua shahidi kabla hajasema.

Nikapitisha spana mbele ya pua ya sensa. Volti 5 zikawa 0.1. Nikaondoa spana, zikarudi 5. Nikaipiga kwa draya dakika tano hadi ikawa haishikiki, nikapitisha spana tena. Ileile. Nilifanya hivyo mara hamsini, na haikukosa hata moja.

Kwa hiyo sensa niliyoitoa haikuwa na ubovu ninaoweza kuuona. Na nimeibadilisha.

Siku ya 10

Fupi, maana nilikuwa na kazi nyingine.

Nilichomoa betri, nikafika kwenye soketi ya kompyuta, nikapima waya zote tatu toka mwisho hadi mwisho. Ohmu 0.4, 0.3, 0.4. Nikaandika "waya nzima". Mstari huo nauacha hapa hivyo hivyo, sitaufuta.

Nikaanza kuiwazia cheni. Cheni iliyorefuka inaweza kuisogeza kamshafti nyuma ya kranki, lakini ikifika hapo msimbo wa kutarajia ni P0016, unaosema kranki na kamshafti hazikubaliani, na haungechagua kuja wakati wa moto tu. Asubuhi injini ikiwashwa hakuna mkwaruzo wa cheni. Sikufungua kava ya taimingi. Woga kidogo, akili kidogo.

Siku ya 12

Nimeupata.

Safari hii nilifanya nilichopaswa kukifanya toka mwanzo: niliendesha dakika 40, nikarudi, nikafungua boneti huku kila kitu kikichoma. Nilichomoa soketi ya sensa, nikaweka ncha ya multimita kwenye tundu la waya wa manjano, swichi imewashwa. Volti 4.93. Mdogo wangu nikamkabidhi multimita asome kwa sauti, mimi nikaanza kuutikisa mkanda wa waya, nikianzia kwenye soketi na kurudi nyuma kidogo kidogo.

"Nne nukta tisa. Nne nukta tisa. Nne nukta tisa. Kaka, hii kazi inanitia usingizi."

"Soma tu."

"Nne nukta tisa. Nne nukta... sifuri. Sifuri, kaka! Imerudi. Sifuri tena."

Mkono wangu ulikuwa kwenye bano la chuma nyuma ya silinda hedi, kama sentimita 30 kutoka kwenye sensa. Nikaachia, 4.93. Nikasukuma kwa kidole kuelekea ekzosi, sifuri. Nikahamisha ncha kwenye tundu la waya mwekundu, nikatikisa palepale: 5.01, haikutikisika. Basi ni wa manjano peke yake, na umekatikia hapo au karibu na hapo. Kama sensa ndiyo ingekuwa mbovu, volti hizo zisingepotea, maana wakati huo sensa haikuwa imeunganishwa kabisa.

Mdogo wangu akauliza, "Kwa hiyo pampu ya mafuta..."

Nilisubiri injini ipoe ndipo nikakata tepu. Bomba la plastiki la kulinda waya lilivunjika vipande mkononi. Waya wa manjano kwa nje ulikuwa mzima, haukuchubuka, haukuungua. Ila ukiukunja pale kwenye ukingo wa bano ulikunjika kama uzi. Shaba ndani ikikatika kinachobaki ni ganda, na ganda halina mgongo. Nikauvuta kidogo, ukarefuka kama mpira. Nikauchuna: nyuzi za shaba zote zimekatika, ncha zimekuwa za kijani, na zilikuwa zimekaa zinatazamana zinagusana.

Hapo ndipo siku ya 10 inapoeleweka. Injini baridi, waya umetulia, ncha zinagusana, multimita inapitisha umeme wake mdogo na kusema ohmu 0.4. Kipimo kilisema kweli. Injini ikipata moto ganda linalainika na kujivuta, injini ikijitikisa kwenye mpira wake wakati wa stata au kwenye mlima, ncha zinaachana kwa muda mfupi. Kompyuta kwa upande wake inaona volti 5 zisizoshuka kamwe, inaandika P0340.

Na kwa nini ukatikie hapo? Bano limefungwa kwenye injini, lakini kituo kinachofuata cha mkanda huo kimefungwa kwenye bodi. Injini inacheza, bodi haichezi. Kati ya vituo hivyo waya lazima ulegee, na wa kwangu ulikuwa umevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Mwaka jana nilibadilisha gasketi ya kava ya tapeti. Ili kava litoke, bano hilo linafunguliwa. Aliyelifungua ni mimi, na aliyelirudisha mkanda ukiwa umevutika, akaona "panatosha", ni mimi.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumlaumu mtu mwingine.

Siku ya 13

Betri imechomolewa. Nilirudi nyuma kwenye waya hadi nikapata shaba inayong'aa, maana kuunga shaba ya kijani ni kuahirisha kazi. Mweusi na mwekundu zilikuwa zinapitisha umeme, lakini nilipozikunja palepale kwenye bano mweusi ulikuwa umeanza ugumu usio wa kawaida, nikaamua kubadilisha kipande cha zote tatu. Waya mpya wa unene uleule, wa aina ya kuhimili joto la injini, na kila kipande nimekiongeza sentimita 6 zaidi ya nilichokata.

Maungio sikuyaweka mahali pamoja. Moja hapa, la pili sentimita 3 mbele, la tatu 3 zaidi. Ukiyapanga pamoja mkanda unakuwa na nundu, na kama maganda yakichakaa yatagusana.

Kulehemu au kubana? Ugomvi wa siku zote wa mafundi. Risasi ikiyeyuka inapanda ndani ya nyuzi za shaba na kuufanya waya kuwa mgumu kama sindano, na pale ugumu unapoishia ndipo waya hukatika kwa kutikisika. Kifungio cha kubana kikibanwa na koleo lake halisi hakina shida hiyo. Kikibanwa na koleo la kuchomolea misumari ni bora usikitie kabisa. Sina koleo lake halisi. Nimelehemu, ila maungio yote nimeyaweka sehemu iliyonyooka, mbali na bano, na kila moja nimelivika mpira unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani, mrefu kuliko ungio pande zote mbili ili mzigo wa kukunjika usifikie ncha ya risasi.

Draya ikafanya kazi iliyoletewa. Dakika kumi za joto juu ya mkanda, soketi ikiwa imechomolewa, multimita kwenye wa manjano, natikisa bila huruma. 4.93. 4.93. 4.93. Mdogo wangu alilala kweli.

Nikavika bomba jipya la plastiki, nikazungusha tepu ya nguo isiyoyeyuka, nikarudisha bano. Vidole viwili vinapita chini ya waya kati ya vituo vile viwili. Nikafuta msimbo.

Siku ya 15

Kilomita 78 za amani, kisha taa.

Sitaandika nilichosema.

Skana: P0341. Nilitaka kuamini ni kosa la macho, 0 na 1 ziko jirani. Sivyo. P0340 inasema sakiti, P0341 inasema ishara ipo lakini haiendani na inavyotarajiwa. Na kuna kitu kingine: stata haichelewi. Gari la moto, sekunde moja, limewaka. Taa tu ndiyo inayowaka.

Nikarudi kwenye picha ya siku ya 6, ile niliyoipiga kwa hasira. Ina mistari miwili. Wa juu ni P0340. Wa chini, kwa herufi nyembamba, ni P0341, msimbo unaosubiri kuthibitishwa. Ulikuwepo siku mbili baada ya kufunga sensa mpya, na haukuwepo siku ya 2.

Siku ya 17

Nilikwenda kumwona mzee mmoja, fundi wa redio, kuazima kwake osiloskopu, kifaa kinachochora kwenye skrini volti zinavyopanda na kushuka. Baada ya shikamoo nikamsimulia yote. Alinisikiliza akiwa anaondoa vumbi kwenye skrini, akasema, "Kijana, mashine yako imekwambia jambo moja, ukalitengeneza. Sasa inakwambia jambo la pili, nawe unadhani inarudia la kwanza."

Akaja nayo mwenyewe. Hakuniamini na probu zake.

Injini ya moto, pini nyuma ya waya wa manjano. Kwenye skrini ishara ya mraba ilikuwa safi, juu 4.9, chini 0.1, kingo zimesimama wima. Tukapandisha mizunguko hadi 3,000 kwa dakika. Kamshafti hapo ni 1,500, yaani mizunguko 25 kwa sekunde, meno matatu kila mzunguko, kwa hiyo mishuko 75 kwa sekunde. Mzee akagandisha picha, akasogeza nyuma kwa kidole, taratibu. Safu, safu, safu, kisha pengo. Mshuko mmoja haupo, kama jino lililong'oka. Akaenda mbele, mengine mawili.

Waya hauwezi kufanya hivyo, akasema. Waya ukikatika ungekatisha ovyo, katikati ya mraba, na kuacha makovu kwenye kingo. Hapa jino zima limepita bila kuonwa. "Jicho lake liko mbali."

Nikachukua kalipa. Sensa ya zamani, kutoka kwenye bega linalokaa juu ya injini hadi ncha ya pua: milimita 24.7. Sensa mpya: milimita 23.6. Nikazungusha kranki kwa mkono hadi jino likasimama katikati ya tundu, nikatumbukiza ulimi wa kalipa hadi kwenye jino: 25.7. Kwa hiyo ya zamani ilikuwa inalitazama jino kutoka milimita 1.0, mpya kutoka 2.1. Sensa nyingi za aina hii zinataka nafasi ya kama nusu milimita hadi moja na nusu. Sumaku ikipata moto inadhoofika kidogo, injini ikitetemeka nafasi inaongezeka kidogo, na jino moja moja linapita bila kuonekana.

Soketi ileile, boliti ileile, umbo lilelile. Milimita moja na nukta moja.

Mzee alitaka kujua kwa nini niliifunga hiyo mpya. Nikamwambia ya zamani ilikuwa nzima. Alinitazama kwa muda.

Siku ya 18

Kuna anayeweza kufikiria kulisaga bega la sensa mpya ili pua ishuke. Nilifikiria kwa dakika nzima. Ukizidisha kidogo jino linaigonga pua, na vipande vya plastiki vinaingia kwenye mafuta ya injini.

Sensa ya zamani imerudi kazini. Ncha yake ilikuwa na manyoya ya chuma, vumbi laini lililonaswa na sumaku yake kwa kilomita zote hizo. Nimeyafuta kwa kitambaa. Oringi mpya. Boliti kwa mkono mwepesi.

Safari hii sikufuta msimbo. Kwa utaratibu wa OBD-II, kompyuta inaizima taa yenyewe baada ya mizunguko mitatu mfululizo ya safari ambayo imepima na haikuona kosa. Nikiifuta kwa skana sitajua kama imepona au nimeinyamazisha. Nataka iizime yenyewe.

Siku ya 19

Taa inawaka. Gari linawaka kwa sekunde moja, baridi na moto.

Siku ya 20

Taa inawaka. Mlima uleule, injini nyuzi 95, hakuna kwikwi. Nimeupanda mara mbili, ya pili bila sababu.

Siku ya 21

Asubuhi nimewasha, taa zote za dashibodi zimekuja, zimezimika, na ya injini imezimika pamoja nazo. Nimezima, nimewasha tena. Imezimika tena.

Skana: hakuna msimbo unaosubiri. P0341 bado umo kwenye kumbukumbu, kama ilivyopangwa. Utajifuta injini ikishapata moto mara 40 bila kosa kurudi. Toka waya uungwe gari limetembea kilomita 340, na nimeliwasha likiwa la moto mara 14 kwa kuhesabu.

Sensa mpya iko kwenye droo, imebandikwa tepu: "FUPI 1.1". Draya imerudi kwa mwenyewe, inanuka mafuta ya injini.